Kalima: mwembe unakatwa ili lupango ifanane na salo

Siku hizi mtu wa Kalima akipata makuta kidogo ya kasiteriti, ujenzi wake unajulikana mapema. Mabati mapya, karo nyeupe ndani ya salo, plafo, viti vikubwa, madirisha ya vioo. Kisha anatoka nje, anatazama lupango yake na kuona haifanani na salo. Basi mwembe unakatwa. Sombe na lengalenga vinang'olewa. Simenti inamwagwa toka mlangoni hadi barabarani, ukuta wa tofali unapandishwa, na barza inafungwa kwa vyuma ili pikipiki ilale humo. Wanasema huo ndio usasa, kiwanja kinaendana na nyumba.

Hakiendani hata kidogo. Ni kweli nje na ndani vinapaswa kupatana, na fundi anayesema hivyo hajakosea. Kosa ni kuchukua salo kuwa kipimo. Nani Kalima anaishi salo? Salo ni ya mgeni na ya televisheni, umeme ukiwapo. Mama anapika nje. Sombe inatwangwa nje, watoto wanasoma nje, shauri la ndoa linakatwa nje, na msiba ukiingia watu wanalala nje. Lupango ndiyo chumba kikubwa kuliko vyote vya nyumba, na watu wanakifunika kwa simenti kama kaburi.

Barza yenyewe si kitu cha washamba. Neno hilo lilifika Maniema pamoja na Kiswahili, mchele na miembe, wakati wa misafara ya pwani na wakubwa kama Tippu Tip waliokaa Kasongo katika karne ya 19. Biashara yao ilikuwa ya pembe na ya utumwa, hakuna wa kuisifu, lakini namna ya kujenga ilibaki. Huko pwani, mji wa Lamu bado unaonyesha matajiri walivyofikiri: mbele ya mlango kuna daka lenye viti vya mawe kwa wapita njia, na ndani kuna kiwanda, uwanja ulio wazi juu, unaopeleka mwanga na hewa vyumbani. Hao walikuwa na mali kuliko mchuuzi yeyote wa kasiteriti wa leo, na hawakuziba pumzi ya nyumba zao.

Sasa joto. Bati bila mti juu yake linachemka toka saa nne za asubuhi. Simenti nyeupe inarudisha jua ukutani na dirishani. Jioni salo haikaliki, na mwenye nyumba anatafuta feni, mafuta ya jenereta na mtu wa kulaumu. Mwembe alioukata upande wa magharibi ulikuwa unamfanyia kazi hiyo bure.

Maji ni mabaya zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya meta mraba moja ni litre moja. Lupango ya meta 15 kwa 20 ni meta mraba 300. Mvua ya milimita 30, ambayo kwa Maniema si ya ajabu, inaleta litre 9.000, yaani bidoni 450 za litre 20. Udongo wenye majani na mizizi unakunywa sehemu kubwa. Simenti na bati havinywi kitu. Bidoni zote hizo zinashuka kwa jirani wa chini, zinachimba njia, njia inakuwa shimo, shimo linakula jiko, kisha ukuta wa nyumba ya udongo. Usasa wa mmoja unalipwa na yule wa bondeni.

Na mara nyingi yule wa bondeni ana wageni. Mashariki ya Kongo wahami wengi wanapokelewa katika familia, si kambini, na wanaofika Kalima toka upande wa Shabunda wanaishi vivyo hivyo. Nyumba ya vyumba viwili haiwezi kubeba familia mbili. Inayowabeba ni lupango: jiko la pili chini ya mti, kamba ya kuanika nguo, mistari minne ya lengalenga, barza ya wanaume kulala mvua isipopiga. Lupango ikifunikwa simenti na barza ikifungwa, mhami hajafukuzwa kwa mdomo, lakini hana pa kuweka mafiga.

Wenye simenti wana neno lao. Majani yanaleta nyoka, mti unaangukia bati, wezi wanaingia. Nyoka anapenda kichaka, hapendi lupango inayofagiwa, na mama wa Kalima wanajua kufagia. Tawi linalokaribia bati linakatwa, si mti mzima. Kuhusu wezi, ukuta mrefu unamficha pia mwizi aliyekwisha ingia.

Anayetaka nje ifanane na ndani ana njia rahisi. Apeleke karo zake hadi barza na aishie hapo. Njia ya miguu aiweke mawe yenye nafasi ya majani katikati. Changarawe ya kale ya machimbo imejaa Kalima. Mboga zikae karibu na jiko, mti wa kivuli magharibi ya salo, matete au mianzi kwenye mteremko. Maji ya bati yaingie kwanza katika pipa, yanayozidi yaende katika shimo lililojaa mawe ndani ya lupango yake mwenyewe.

Wakuu wa mitaa nao wanapita kila siku mbele ya kuta hizo, na swali linaloulizwa zaidi ni la makaratasi ya kiwanja. Kabla mvua za mwezi wa tisa hazijaanza, waongeze moja kwa kila anayemwaga simenti: maji yako yataenda wapi? Asiyeweza kuonyesha shimo lake kwa kidole asimamishwe hadi alichimbe.