Bandu Bandu Huisha Gogo



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuingia sebuleni mwenu. Hatuji kubariki nyumba, wala hatuji kukusanya ahadi za mavuno. Tunakuja kutazama kile kilichopangwa chini ya televisheni: king'amuzi cha kwanza, king'amuzi cha pili, na pembeni yake kile kifaa kidogo kinacholeta filamu kwa njia ya intaneti. Swali letu ni moja, nalo ni la fedha kabla halijawa la kiroho: je, vyote hivi vinastahili kulipiwa kwa pamoja, kila mwezi, mwaka mzima? Jibu letu ni hapana. Tutalieleza bila kuzunguka, na anayepinga atukute nje ya kanisa baada ya Misa.

Kwanza tuondoe shaka. Hatumo katika kundi la wanaodai kwamba televisheni ni kazi ya shetani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivipokea vyombo vya mawasiliano kama matunda ya akili ambayo Mungu amemjalia binadamu, ukawataka wanaovitumia wajifunze kuchagua. Baba anayetazama mpira Jumapili jioni baada ya juma zima la kazi hana dhambi ya kuungama. Mama anayefuatilia tamthilia huku akichambua mboga hana deni kwetu. Tunachokipinga ni kulipa mara tatu kwa jioni moja.

Tufanye hesabu pamoja, kwa bei za mfano tu. Tuseme king'amuzi cha kwanza kinadai shilingi 28,000 kwa mwezi, cha pili shilingi 25,000, na huduma ya filamu za intaneti shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 68,000 kwa mwezi, yaani shilingi 816,000 kwa mwaka. Sasa tuulize: mtu wa kazi anayerudi nyumbani jioni, akaoga, akala, akasali na familia yake, anabakiwa na saa ngapi za kutazama? Tumpe saa 2 kila siku, yaani saa 60 kwa mwezi. Akiwa na king'amuzi kimoja, kila saa inamgharimu takriban shilingi 467. Akilipia vyote vitatu, saa ile ile inamgharimu takriban shilingi 1,133. Je, ameongezewa saa? La hasha. Jioni haikurefuka hata kwa dakika moja, na macho yake yamebaki mawili. Kilichoongezeka ni orodha ya vitu ambavyo hatavitazama kamwe.

Hapo ndipo penye udanganyifu, ndugu zangu. Tunadhani tunanunua burudani, kumbe tunanunua uwezekano wa burudani. Uwezekano hauna mwisho, ndiyo maana ada nazo hazina mwisho.

Tulifikaje hapa? Hatukufika kwa uzembe wetu peke yetu. Wenye biashara hii wamekigawa kitu kimoja vipande vipande, kila mmoja akakificha kipande chake nyuma ya mlango wake. Ligi Kuu yetu iko kwa Azam, ambayo mwaka 2021 ilitia saini mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi ya England kwa miaka mingi tumeitazama kupitia DStv. Basi anayeshabikia Simba au Yanga na pia Arsenal au Manchester United anaambiwa anunue ving'amuzi viwili. Tena mtakumbuka mwaka 2018, pale mamlaka ya mawasiliano ilipozitaka kampuni kadhaa za matangazo ya kulipia ziache kubeba chaneli za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Aliyekuwa amelipa ada yake kikamilifu alijikuta hapati taarifa ya habari ya nyumbani kwao, asiponunua kifaa kingine.

Filamu za intaneti nazo zilikuja na ahadi kwamba zitatuokoa na mzigo huo. Tazameni yaliyotokea Marekani zilikoanzia. Netflix ilianza kuonyesha filamu kwa njia ya intaneti mwaka 2007, na mwaka 2011 ada yake ya huduma hiyo ilikuwa dola 7.99 kwa mwezi. Wengi walikata televisheni za waya wakisema sasa wamepata nafuu. Kisha wenye filamu wakaona faida, kila mmoja akafungua duka lake: Disney+ Novemba 2019, HBO Max na Peacock mwaka 2020, Paramount+ mwaka 2021. Tamthilia maarufu ya The Office ikaondolewa Netflix na kupelekwa Peacock Januari 2021, na mpenzi wake akalazimika kuifuata kwa fedha nyingine. Bei nazo hazikusimama. Mpango wa kawaida wa Netflix usio na matangazo ulipandishwa hadi dola 17.99 Januari 2025. Na yale matangazo ya biashara ambayo watu walilipa ili wayakimbie yamerudi: Netflix na Disney+ walianzisha mipango yenye matangazo mwishoni mwa 2022, na Prime Video ikaanza kuyaweka Januari 2024, ikidai nyongeza kwa asiyeyataka.

Msiseme hayo ni ya Marekani. Jirani zetu wa Kenya walipewa na Netflix mpango wa bure wa kutazama kwa simu Septemba 2021. Novemba 2023 mpango huo ukafungwa. Chambo hakitolewi ili samaki ashibe.

Na hapa kwetu ada ya filamu siyo gharama yote. Netflix yenyewe inaeleza kwamba picha ya ubora wa juu hutumia hadi GB 3 kwa saa. Filamu ya saa 2 inaweza basi kumeza GB 6. Anayetumia bando la simu anajua maana ya namba hiyo. Analipa mlangoni, kisha analipa tena kwa kila hatua anayopiga ndani ya nyumba.

Tunalo tukio ambalo mwenyewe ameturuhusu kulisimulia bila jina. Baba mmoja alitujia ofisini akiwa ameinamisha kichwa. Mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa shule, naye alikuwa amepungukiwa na shilingi 40,000. Tukiwa bado tunazungumza, simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe kwamba kifurushi chake cha mwezi kimelipiwa. Aliusoma, akanyamaza, kisha akatuuliza sisi: "Baba Padre, hiki ni kipi?" Hakujua ni huduma gani. Aliwahi kujiunga ili watoto watazame katuni wakati wa likizo, akaisahau, nayo huduma haikumsahau.

Hatukumhukumu. Jioni ile, katika nyumba ya mapadre, tuliketi na kuhesabu ya kwetu, tukakuta ada tatu. Moja tulikuwa tumeilipa kwa miezi mitano bila yeyote kati yetu kuitazama; kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeitumia. Fedha hiyo ilikuwa sadaka zenu. Tunalisema hili kwa aibu, na ndiyo sababu ya kuandika tafakari hii.

Tumekwisha kusikia pingamizi zenu, nasi tunazijibu.

Wapo wanaosema: ni shilingi 500 tu kwa siku. Hesabu hiyo ni ya muuzaji. Hakuna anayekuja mlangoni kwenu kila asubuhi kuchukua shilingi 500. Anachukua 15,000 kwa mkupuo, siku aliyoipanga yeye, bila kuuliza kama mwezi huo mtoto aliugua malaria au kama mwenye nyumba alidai kodi. Tena mbele ya 500 hiyo zipo 500 nyingine. Wahenga hawakukosea: bandu bandu huisha gogo.

Wapo wanaosema: nyumba yetu ina watu wengi, kila mmoja ana anachokipenda. Ni kweli. Lakini tuangalie kinachotokea. Baba yuko sebuleni na mpira, mama chumbani na tamthilia, kijana ameziba masikio akiitazama simu. Tumelipa ili tusilazimike kupatana. Zamani ugomvi wa rimoti ulikuwa shule: mdogo alijifunza kungoja, mkubwa alijifunza kuachia, na mara nyingine wote walijikuta wakicheka mbele ya kitu ambacho hakuna aliyekichagua. Sasa tumeununua ukimya, nao tunaulipia kila mwezi.

Wapo wanaosema: tusipolipa, watoto watakwenda kutazama kwa jirani. Waende, maadamu jirani ni mwema! Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na waliokua miaka ile wanakumbuka ua mzima ukijaa mbele ya kioo kimoja. Hata yule anayekwenda kibanda umiza ana hesabu nzuri kuliko yetu, kwa kuwa yeye hulipia mechi anayoitazama, akaondoka. Sisi tunaomcheka tunalipia mechi tulizolala.

Wapo, mwishoni, wanaosema: Baba, mimi nina kipato, siumii. Twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kipato kikubwa hakigeuzi kitu kisichotumika kuwa chenye manufaa. Chakula kinachooza jikoni kwa tajiri kimeoza vilevile.

Basi tufanyeje? Ushauri wetu ni mwepesi: nyumba moja, ada moja kwa wakati mmoja. Anayetaka mpira alipie mpira wakati wa mpira. Ligi ya England huanza Agosti na kwisha Mei. Ya nini kulipia kifurushi chake kikubwa mwezi Juni na Julai? Miezi hiyo achukue huduma ya filamu, atazame alichokingojea, kisha aisitishe. Tamthilia haiozi kama nyanya. Ikikungoja miezi mitatu, aghalabu utaikuta palepale, tena imekamilika. Na huduma yoyote inayojihuisha yenyewe, izimwe siku ileile ya kujiunga. Aliyelipia mwezi kwa kawaida huachiwa mwezi wake aumalize, na akitaka mwezi mwingine, na alipe kwa mkono wake mwenyewe, akijua anachokifanya.

Leo usiku, kabla ya Rozari, mama na baba wachukue karatasi. Waandike kila ada inayotoka nyumbani, iwe kwa kadi au kwa simu, na mbele yake waandike saa walizotazama mwezi uliopita. Msikadirie, ulizeni na watoto, maana wao hawajajifunza kuficha. Penye saa sifuri, pigeni mstari. Fedha itakayopona msitupe sisi kwanza. Ilipeni shule, ilipieni bima ya afya, au nunueni nyama mle pamoja Dominika, televisheni ikiwa imezimwa.

Tumalize na habari ya mwanamke mmoja. Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Noeli, akiwa mgonjwa asiyeweza kuondoka kitandani, aliiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikiadhimishwa mbali naye kanisani. Klara huyo ndiye aliyeshindana maisha yake yote ili jumuiya yake iruhusiwe kuishi bila mali. Kanuni yake ilithibitishwa na Papa Inosenti IV tarehe 9 Agosti 1253, siku mbili kabla hajafa. Msimamizi wa televisheni, wapendwa, hakuwa na kitu ukutani kwake zaidi ya ukuta. Alionyeshwa jambo moja tu usiku ule, akalitazama lote.

Tunawatakieni Dominika njema. Karatasi zenu tutaziulizia.