Turudishieni Njia ya Pwani

Sisi tunaokaa upande wa juu wa barabara ya Mombasa kwenda Malindi tunaisikia bahari usiku kucha, lakini kuifikia mchana ni kazi. Kati yetu na maji pana ukuta. Unaanza kwenye ploti ya mtu tusiyemjua, unapokewa na hoteli, unaendelea na nyumba za kukodisha, kisha ploti nyingine yenye nyasi na mbwa, kisha hoteli tena. Vijia ambavyo wazee wetu walivipita na makasia begani vimegeuka mageti. Getini amesimama kijana wa kwetu, amevaa sare, anauliza swali alilofundishwa: unakwenda wapi?

Tunakwenda pwani. Tangu lini jibu hilo likataka maelezo?

Tuseme mapema, tusije tukasingiziwa. Hatuna ugomvi na hoteli kuwapo. Watoto wetu wanapika humo, wanafua mashuka humo, na mvuvi akipata kamba wazuri au kolekole mnono anajua jikoni gani watanunuliwa. Kijana wa getini naye hatumlaumu, maana akitufungulia leo, kesho hana kazi, na mamake ni jirani yetu. Wala hatusemi kwamba mwenye hati halali anyang'anywe. Tunadai njia ya kushukia na mchanga wa kusimamia. Hivyo viwili havikuwahi kuwa mali ya mtu mmoja.

Na sheria iko upande wetu, jambo ambalo linatuuma zaidi kuliko kama lingekuwa kinyume. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Bahari ya nchi ni ya umma, na sakafu yake ni ya umma. Serikali ya Kitaifa imeshika yote hayo kwa amana ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo msimamizi. Sheria ya Ardhi ya 2012 ikaongeza kwamba katika kugawa ardhi ya umma, fuo na mahali wavuvi wanaposhushia samaki visiguswe. Kwa hiyo hakuna mtu, awe na fedha kiasi gani, anayeweza kukuonyesha hati ya maji au ya mchanga mbichi. Alichonunua ni kipande cha nchi kavu kilicho mbele yake. Akishakifunga kipande hicho, bahari anaipata bure, pamoja na ufuo wake, na sisi tunabaki na katiba mkononi upande wa barabarani.

Hata hiyo alama ya maji kujaa ni kesi nyingine. Iko wapi? Mwulize sarveya, atakuonyesha kigingi. Mwulize mvuvi, atakuuliza unataka ya maji mafu au ya bamvua. Siku za maji mafu bahari haipandi sana wala haitoki sana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hukaribia mita nne, na kwa kuwa ufuo wetu umelala, mita hizo za kwenda juu ni hatua nyingi za kwenda mbele. Anayepima siku ya maji mafu anajipa ardhi ambayo bamvua likija linaifunika. Tumeona vigingi vilivyolowa. Tumeona kuta zilizojengwa mahali ambapo bahari hufika kila mwezi bila kukosa, na mwenye ukuta akashangaa kwamba bahari imemvamia.

Akishashangaa huongeza mawe. Wimbi likigonga ukuta halipotei. Linarudi na kukokota mchanga ulio chini yake, na pale ukuta unapoishia linamla jirani asiyekuwa na ukuta. Naye jirani akiweza atajenga wake. Baada ya misimu kadhaa ya kusi ufuo unashuka, mizizi ya minazi inabaki nje, na maji yakijaa yanagonga mawe moja kwa moja. Hapo ile ardhi ya umma ya Kifungu cha 62 iko wapi? Iko chini ya maji. Mtu aliyetoka nyumbani kwake kwa miguu kufuata ufuo hana pa kukanyaga mpaka bahari itoke. Hakuna aliyeisaini hati ya kuhamisha ardhi hiyo, lakini imekwenda.

Wanaoumia kwanza ni wasio na chombo. Mwenye kuwinda pweza hufuata maji. Bamvua likitoka, mwamba huonekana kwa saa chache tu, na katika saa hizo mtu huingiza mkuki kila shimo analolijua, kisha bahari humwambia rudi. Kijia kilipokuwa wazi alishuka moja kwa moja. Siku hizi anazungushwa hadi njia ya mbali, na akifika kwenye mwamba maji yameshageuka. Anayevua kwa mashua naye ana mashine ya kubeba, ana petroli, ana nyavu zilizolowa. Njia aliyoachiwa, kama ameachiwa, ni uchochoro kati ya kuta mbili ambao bodaboda haiingii. Samaki hawangoji. Asiye na barafu anahesabu muda tangu samaki alipotolewa majini, na kila dakika ya kuzunguka inamshushia bei.

Halafu wapo akina mama karanga, ambao hawatajwi katika mikutano mingi ya ardhi kwa sababu hawana ardhi wanayoidai. Wanachodai ni kivuli cha mkungu pale bandarini, mahali pa kuweka karai na kungojea vyombo virudi. Wao ndio wanaonunua tafi, changu na pono wadogo ambao hoteli haiwataki, wakawakaanga na kuwauza jioni mitaani. Nyumba nyingi huku juu hula samaki kwa mkono wa mama karanga. Bandari ikifungwa, vyombo huhamia mahali ambapo tajiri mmoja ana eneo lake na mizani yake. Bei anapanga yeye, na wale wadogo wanapakiwa pamoja na wakubwa. Mama aliyesomesha watoto kwa karai anaambiwa kwamba biashara imebadilika.

Tunaposema bandari hatusemi gati. Ni ule ufuo wenye mlango katika mwamba, ambapo ngalawa huingia bila kupasuka. Bahari haikuweka milango hiyo kila mahali, na ndiyo maana wazee walijua kila mmoja kwa jina. Huwezi kumwambia mvuvi ahamie ploti ya pili kama dukani. Kanuni za mwaka 2007 zilianzisha BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, ili wavuvi wasimamie bandari hizi wenyewe, na kweli BMU zipo, zina viongozi na daftari la kuandikia kilo. Lakini bandari nyingi za wavuvi hazina hati. Siku anapotokea mtu mwenye karatasi, mwenyekiti wa BMU ana daftari la samaki tu la kumwonyesha hakimu.

Karatasi hizo zilianzia mbali. Mwaka 1895 Waingereza waliichukua Mwambao, ule ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 wakaleta sheria ya kusajili ardhi: kila mwenye dai aje alitoe, aandikiwe hati, na ardhi isiyodaiwa iwe ya Serikali ya Mfalme. Aliyejua kusoma, aliyekaa mjini karibu na ofisi, aliyekuwa na wasia wa maandishi, alipata. Aliyelima kwa ukoo, ambaye mpaka wake ulikuwa mbuyu na kaburi la babu, hakuwa na cha kuandikisha. Mijikenda wengi walilala wenye ardhi wakaamka maskwota, na Waswahili wengi wa vijijini vilevile. Oktoba 1963, kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliafikiana kwamba Mwambao iwe sehemu ya Kenya, na hati zilizokwisha kusajiliwa ziheshimiwe. Bendera ikabadilika, daftari la ardhi likabaki lilelile. Mpaka leo tuna watu wanaomiliki nyumba na hawamiliki udongo ulio chini yake, wanaolipa kodi ya kiwanja kwa wakala wa mwenye shamba ambaye hawajamwona, pengine yuko Muscat, pengine amekufa.

Juu ya dhuluma hiyo kongwe ikaja nyingine baada ya uhuru. Tume ya Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa wenye vyeo na wapenzi wa wenye vyeo, na ikapendekeza hati nyingi zifutwe. Ripoti inasomwa, inanukuliwa kwenye kampeni, inarudishwa kabatini. Kuta ziko palepale.

Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ardhi, likasema ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka alama ya maji kujaa haziwezi kuuziwa mgeni bila kibali cha maandishi cha waziri. Hatupingi. Lakini tunatambua kwamba safu hizo mbili zimefikiriwa kwa ajili ya nani auziwe. Mtu wa safu ya kumi, asiyenunua wala kuuza, anayetaka tu kupita, ni nani aliyemkumbuka?

Wapo watakaotuambia kwamba mvuvi hana haki ya kudai maji kwa kuwa bahari ni ya wote. Basi wasome hukumu ya Lamu. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi wale hawakuwa na hati ya bahari. Walikuwa na mazoea ya vizazi, maeneo waliyoyavua na mikondo waliyoijua, na mahakama ikaona kwamba hayo ni riziki inayoweza kudhulumiwa. Kule Magarini, kwenye mashamba ya chumvi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa wazi na kutoa ripoti mwaka 2006, na malalamiko yaliyosikika huko ni ndugu wa haya yetu: njia za kwenda baharini kuzibwa, visima kuingia chumvi, watu kuhamishwa.

Jirani zetu Tanzania wamejaribu kwa namna nyingine. Sheria yao ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuoni. Kelele hata huko hazijaisha, na Coco Beach, ambako watu wa Dar es Salaam hula mihogo siku ya Jumapili, imegombaniwa hadi mahakamani. Lakini mita 60 ni kitu ambacho mwananchi anaweza kukipima kwa kamba mwenyewe. Sisi tunapimiwa na wengine.

Anayetaka kuona tulichopoteza aende Bamburi siku ya Idd, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wengi tunauita Pirates. Familia kutoka Kisauni, Changamwe na Mariakani, wote wamebanana hapo, watoto juu ya watoto, na wauza mabuyu na achari hawana pa kuweka mguu. Ukitazama kushoto na kulia, fuo pana zimelala tupu mbele ya majumba. Na maji yale yana hatari zake kwa mtoto asiyeyajua. Zamani mtoto wa pwani alijifunza kuogelea kabla ya kujifunza kuandika, kwa kuwa bahari ilikuwa nyuma ya nyumba. Sasa tunalea watoto wa pwani wanaoiona bahari mara mbili kwa mwaka, na tunawapeleka siku ambayo hakuna macho ya kutosha kuwatazama wote.

Tumeandika barua. Tumekwenda kwa chifu, tukaelekezwa kaunti, kaunti wakatuelekeza kwenye ofisi ya ardhi, ofisi ya ardhi wakatuambia faili haionekani. Tumekaa kwenye vikao vya maoni ya umma tukanywa soda na kutia saini ya mahudhurio, na saini hizo zikaonyeshwa kuwa ushahidi kwamba tumekubali. Tumechoka kukubaliana na mambo tuliyoyapinga.

Tunataka ramani ya ufuo wetu, yenye kila ploti na kila njia iliyokuwa imeachwa wakati wa kupima, ibandikwe hadharani kwa chifu, iandikwe kwa Kiswahili, na ikae hapo. Njia zilizoonyeshwa zikazibwa, zifunguliwe kwa gharama ya aliyeziba. Pale ambapo hapakuachwa njia kabisa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu njia ya umma ipite katika ardhi ya mtu naye alipwe fidia. Basi itumiwe, na iwe pana kiasi cha kupitisha mkokoteni wa samaki na mgonjwa kwenye machela. Kila bandari ya wavuvi iwe na hati ya umma isiyoweza kuhamishwa. Na ukuta wowote ulioingia chini ya mstari wa bamvua uondolewe, hata kama mwenyewe ana jina kubwa.

Wapimaji wakija kutafuta mstari huo, waje wakati wa bamvua, si siku ya maji mafu, na wasije na mwenye ploti peke yake. Wawaite wavuvi, wawaite akina mama wa bandarini, wasimame pamoja mpaka maji yamalize kujaa, na kigingi kipigwe mbele ya watu.