Homa ya aliyejifungua si malaria tu

Desturi ya pwani yetu humpumzisha mzazi ndani siku arobaini. Ni desturi njema, sina nia ya kuipiga vita. Lakini ni katika siku hizo hizo, hasa za mwanzo, ambapo maambukizi ya uzazi hushika. Yakiachwa, mwili katika kupigana nayo huviharibu viungo vyake wenyewe. Wataalamu huiita hali hiyo sepsisi.

Mimi ni mwalimu, si mganga, ila nimezika. Mama wa mwanafunzi wangu alijifungua salama, siku ya nne akaanza kutetemeka. Nyumbani wakasema ni homa, na homa kwetu maana yake malaria. Akaletewa kutoka sokoni dawa ya malaria, panadoli na vidonge vinne vya rangi mbili. Siku ya sita akawa anahema na kuweweseka, wakadhani ni mashetani. Siku ya saba tulimzika.

Malaria ipo, na ipimwe. Hata hivyo, kipimo kikionyesha malaria bado hakijaondoa sepsisi. Mzazi mwenye maumivu ya tumbo la chini, uchafu unaonuka, moyo kwenda mbio, pumzi za haraka, mkojo haba au maneno yasiyoeleweka apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asisubiriwe achemke, kwani wengine mwili hupoa. Huko, antibiotiki ya sindano ianze ndani ya saa moja pamoja na maji ya mshipani, na kama kipande cha kondo kimebaki, kitolewe.

Katika utafiti uliohusisha hospitali 59 za Malawi na Uganda, baadhi ya hospitali zilifuata utaratibu wa namna hiyo: kunawa mikono, kupima joto, mapigo na presha, kisha kutibu bila kuchelewa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha vifo na madhara makubwa ya maambukizi ya uzazi yakipungua kwa karibu theluthi moja. Hizo si nchi tajiri.

Kwa hiyo sisi tuliorejea Palma na Mocímboa da Praia baada ya mashambulizi ya 2020 na 2021 tusiridhike kuona kuta za wodi zikipakwa rangi. Tuulize kama ndani mna kipimajoto, antibiotiki na mkunga anayeelewa lugha ya mgonjwa.

Nanyi ndugu zangu mnaovusha bidhaa kati ya Kilambo na Namoto, msimuuzie mzazi vidonge vinne. Na mwenye pikipiki akigongewa mlango usiku, asianze na bei.