Kumcheka Mtu Siyo Kuchekesha

Najua nimepotea, testi zilinikaba koo. Leo narudi na dukuduku, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanirushia mawe, maana baadhi ya ninaowasema humu ni washikaji zangu kabisa.

Ijumaa ile ya kuwakaribisha fasti yea, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Emsii wetu kapanda na suti yake ya kuazima. Dakika ya pili tu akamwinua dogo mmoja wa mstari wa mbele, akamwambia atamke "lori la Rorya". Dogo kwao r na l ni ndugu wasioachana, akachanganya. Ukumbi ukalipuka! Akaambiwa arudie mara ya pili, ya tatu, ya nne. Na mimi nilicheka, tena nikapiga meza.

Huyo dogo nakaa naye chumba kimoja (ameniruhusu kuandika haya). Jumatatu ilikuwa zamu yake kuwasilisha kazi ya kundi lao kwenye semina. Karibu yote aliiandika yeye, nilimwona usiku kucha na tochi ya simu. Zamu ilipofika akampa mwenzake karatasi asome, yeye akakaa kimya. Alama za kuwasilisha zikaenda kwa mwenzake. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Kaka, nimeshasikia ninavyoongea."

Sasa hoja yangu ni hii: siku ile emsii hakuchekesha. Kazi yote aliifanya dogo, bila kuombwa na bila malipo. Emsii alishika maiki tu.

Najua mtaniambia, "Ah, huo ni utani tu, ndiyo mila zetu." Wazee, utani naujua. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana utafikiri watapigana. Lakini utani una sheria. Mtani akikuchapa, na wewe unamchapa palepale, hakuna wa kukuzuia. Na mtani anayekuja kuleta vituko msibani kwenu ndiye huyohuyo anayesaidia kazi za mazishi. Utani una pande mbili. Maiki ilikuwa moja, na dogo hakupewa. Huo si utani, ni uonevu wenye spika.

Wengine mnasema stendap ni kipaji, ukizaliwa nacho unacho, basi. Hapo ndipo uvivu wetu ulipojificha. Kipaji kipo, sikatai, lakini stendap ni kazi ya kuandika na kufuta, kama insha. Angalieni mfano huu wa kwangu mwenyewe:

"Bumu ni kama mgeni rasmi: linachelewa kufika, linapigiwa makofi, na baada ya dakika kumi limeshaondoka."

Sasa nikiivuruga: "Bumu huwa linaondoka baada ya dakika kumi, yaani kama mgeni rasmi, si mnajua wale wageni rasmi wanavyochelewa halafu wanapigiwa makofi..." Kitu ni kilekile, lakini kimekufa. Kwa nini? Kwa sababu neno la kuchekesha nimelitoa mwanzoni, halafu nikabaki naeleza. Panchi inakaa mwisho wa sentensi, na baada yake unanyamaza. Unawaachia watu wacheke mpaka kicheko kianze kushuka, ndipo unaendelea. Ma-emsii wetu wanaongea juu ya vicheko kwa sababu wanaogopa ukimya, na wakiishiwa maneno wanatafuta mtu wa mstari wa mbele. Yaani kumwinua dogo ni dalili ya mtu aliyepanda jukwaani bila kuandika chochote!

Kuna filamu ya mwaka 2002 inaitwa Comedian, itafuteni. Jerry Seinfeld, tajiri na maarufu kutokana na tamthilia yake iliyoisha 1998, anaweka pembeni vichekesho vyake vyote vya zamani na kuanza upya kwenye vilabu vidogo vya New York. Kuna mahali anapoteza kabisa alichotaka kusema, amesimama tu mbele za watu. Kama yule naye anakwama, sisi wa bweni tunaopanda na "nitajua hukohuko" tunamdanganya nani?

Na kama lazima pawepo wa kuchekwa, anza na wewe. Richard Pryor aliungua moto mwaka 1980, nusura afe, na lilikuwa kosa lake mwenyewe. Filamu yake ya Live on the Sunset Strip ikatoka 1982, anasimulia kuungua kule jukwaani na watu wanacheka. Ukishamaliza kujicheka, panda juu, usishuke chini. Wale Redykyulass wa Kenya, waliotokea Chuo Kikuu cha Kenyatta, walimwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani. Huyo ndiye mtu wa kuiga lafudhi yake! Sisi hapa tuna menyu ya kafeteria, tuna foleni za usajili, tuna wakubwa wanaosoma hotuba zilezile kila mwaka, halafu tunamwona mtoto wa watu mwenye wiki mbili chuoni ndiyo saizi yetu?

Sisemi makabila yasiguswe. Mimi mwenyewe kwetu kuna mambo, siku nikiyasimulia mtalia. Ila nisimulie ya kwetu, niliyoyaishi, na wa kwetu aliyepo ukumbini ajisikie tunacheka pamoja naye. Ukiona anayecheka kidogo kuliko wote ni yule unayemzungumzia, jua umekosea.

Mwezi ujao kuna usiku wa maiki huru na nimejiandikisha, tusije tukasema naongea tu. Nimeandika dakika tatu, zote kuhusu mimi na hili tumbo langu la madeni. Nilimsomea dogo chumbani, akacheka mara mbili tu. Kwingine kote nimefuta, naandika upya. Panchi moja ameniambia niisogeze mwisho, na kweli pale ndipo mahali pake.

Nimemwomba apande na yeye. Amesema atafikiria. Emsii, ukisoma hapa, usinijibu mimi. Mtafute dogo, block yetu unaijua.

Ni hayo tu kwa leo. Tupo pamoja.