Mwaridi Hutaka Kisu

Mbele ya nyumba yetu pana mwaridi, nami kwa kuuhurumia nalikataa kuukata miaka miwili. Ukarefuka mno, maua yakapungua, na majani yakapata madoa meusi. Mama watoto akasema, “Baba, na tuung'oe, tupande mchicha.” Nikamwomba anipe muda.

Basi, nalitwaa kisu kikali, kisafi. Kwanza naliondoa matawi makavu, kisha yale yanayosuguana. Yaliyosalia naliyapunguza, nikikata kwa mshazari juu kidogo ya jicho lielekealo nje, ili katikati papate hewa. Majani yenye madoa naliyaokota nikayachoma moto, maana ugonjwa ule ni ukungu, nao hupenda majani yaliyolowa. Kwa hiyo sasa twamwagilia asubuhi, tena shinani, si juu ya majani. Samadi twatia iliyooza. Mbichi huunguza mizizi.

Baada ya majuma saba maua yalirudi, kwa kuwa mwaridi kama wetu huchanua katika matawi mapya. Mama watoto aliweka matatu mezani, wala hakutaja mchicha tena. Ndugu, huruma isiyothubutu kukata si utunzaji.