Gari Dogo na Fundi Wako
Nasikitika kuwaona wananchi wakitumia mkopo wote wa chama cha ushirika kununua gari kubwa lililochakaa, wasibakize hata senti ya matairi. Heri Toyota Vitz ya injini ya lita 1: vipuri vyake havikosekani Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kenya hairuhusu kuagizwa magari yaliyozidi miaka 8, lakini hilo halimlindi anunuaye gari lililokwisha kutumika humu nchini. Yafaa aende na fundi wake mwenyewe, wala si yule wa muuzaji (huyo ana ujira wake). Tena achunguze usajili katika NTSA kabla ya kulipa. Benki ikiwa imeandikwa mmiliki mwenza, gari hilo lingali rehani na laweza kupigwa mnada.