FAILI LA MFANYAKAZI NI AMANA

Katika ofisi nyingi ameingia mtumishi mpya, asiyelala wala kudai mshahara. Mtumishi huyo ni akili mnemba. Huandika barua, hufupisha taarifa ndefu, na huchambua mamia ya maombi ya kazi kwa muda mfupi. Sisi hatumpingi. Anayekataa jembe kwa sababu tu ni jipya hujinyima mavuno. Lakini yatupasa kuuliza: mtumishi huyu akipewa siri za watu, huzipeleka wapi?

Swali hili si la kubuni. Katika mwaka 2023 mainjinia wa kampuni ya Samsung, huko Korea Kusini, waliingiza katika ChatGPT maandishi ya siri ya programu za kampuni yao ili wasaidiwe kuyasahihisha. Hawakuwa wezi, walitaka kurahisisha kazi. Lakini maandishi yale yalikwisha ingia katika mitambo ya watu wengine, ambako kuyarudisha au kuyafuta ni kazi ngumu. Mwezi Mei mwaka ule ule Samsung ilipiga marufuku mitambo ya namna hiyo katika kompyuta na simu za kampuni. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Ikiwa kampuni kubwa namna ile iliteleza juu ya mali yake yenyewe, itakuwaje karani anapoingiza katika mtambo orodha ya mishahara, cheti cha daktari, au shauri la nidhamu la mfanyakazi? Hapo kinachotoka si mali ya ofisi. Ni amana ya mtu, aliyeitoa ili apate kazi au matibabu, wala si kwa jambo jingine.

Hapa Tanzania sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo imeunda Tume ya kuisimamia. Yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa shabaha iliyo wazi. Yaweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Na yampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi mzito juu yake usifanywe na mtambo peke yake. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.

Kwa hiyo twasema: kila shirika liamue kabla ya kuwasha mtambo, si baada ya hasara. Liandike ni taarifa zipi haziruhusiwi kabisa kuingizwa. Majina na namba za watu ziondolewe kwanza. Mkataba na mwenye mtambo useme wazi taarifa zitawekwa wapi, zitafutwa lini, na kwamba hazitatumiwa kuufundisha mtambo wake. Na mfanyakazi akinyimwa kazi au cheo, awepo mtu wa kumjibu. Asiambiwe tu kwamba mashine imesema.

Viongozi wa matawi ya wafanyakazi wasingoje kuitwa. Wawaulize waajiri mikutanoni: mafaili yetu yanasomwa na nani? Mwajiri mwaminifu hataudhika kwa swali hilo. Na asiyeweza kulijibu hajawa tayari kuutumia mtambo huo.